Martin Johnson, Marsabit na uwanja wa ndege wa mji mdogo

Leo nataka niwapeleke mbali, katikati ya Marekani, katika jimbo la Kansas, mahali ambapo bahari iko mbali kila upande na jicho halioni ila mashamba na malisho ya ng'ombe. Huko kuna mji mdogo uitwao Chanute. Watu wake hawafiki elfu kumi. Kusini-magharibi ya mji kuna uwanja mdogo wa ndege, na uwanja huo umebeba jina la mtu aliyekufa mwaka 1937. Mtu huyo ni Martin Johnson.

Uwanja wenyewe si wa kushangaza. Anayeuona leo ataona njia ya kurukia, mabanda ya ndege na nyasi. Wanaoutumia ni wenye ndege ndogo, wengine kwa kazi zao na wengine kwa starehe. Lakini nataka mshike jambo moja mapema, kwa sababu tutalirudia. Uwanja ule ni mali ya mji. Washington haina hati yake, na wala si wa tajiri mmoja. Ni mali ya mji wa Chanute kama vile soko au kisima cha kijiji kinavyoweza kuwa mali ya wanakijiji, na yeyote mwenye ndege anaruhusiwa kuutumia.

Mtu wa Mji wa Kale au wa Lamu ana haki ya kuniuliza hayo yanatuhusu nini. Yanatuhusu, kwa sababu umaarufu uliomfanya Martin Johnson aandikwe kwenye uwanja ule aliuchuma kwetu. Aliuchuma Marsabit na Kilimanjaro, na kwenye misitu ya Congo. Katika mji huohuo wa Chanute kuna makumbusho yake na mkewe, na kwenye jina la makumbusho hayo kuna neno safari. Neno letu hilo limeandikwa ukutani katika mji ambao wengi wa wakazi wake hawajawahi kukutana na Mswahili. Basi nimeona leo niwasimulie maisha ya mtu huyu, nimpe haki yake, nimdai anachodaiwa, kisha tuulizane swali letu wenyewe.

Martin Johnson alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1884 huko Rockford, jimbo la Illinois, na akakulia Kansas. Baba yake alikuwa sonara mwenye duka katika mji wa Independence, na dukani humo, pamoja na saa na vito, ziliuzwa pia bidhaa za Kodak. Kijana akakua kati ya kamera na karatasi za picha. Shuleni hakung'ara. Alipenda kuzunguka, na tangu ujanani alikuwa akienda miji ya jirani kupiga watu picha za bei rahisi. Katika kuzunguka huko alifika Chanute, na kwa masimulizi ya mkewe miaka ya baadaye, mmoja wa watoto aliowapiga picha siku hizo alikuwa ndugu mdogo wa binti aliyekuja kumuoa.

Mwaka 1906 mwandishi Jack London, aliyekuwa na jina kubwa Marekani yote, alitangaza kwamba anajenga chombo chake mwenyewe azunguke dunia. Maelfu ya vijana wangependa kwenda naye. Martin naye akaandika barua. London akamuuliza kwa simu ya maandishi kama anajua kupika. Kijana akajibu kuwa anajua, na kwa kweli alikuwa hajui. Ndipo akaenda jikoni kujifunza haraka haraka kabla ya chombo kung'oa nanga. Sisi watu wa pwani tunawajua vijana wa namna hii. Ukimuuliza nahodha wake alikuja chomboni akijua nini, atakwambia hakujua kitu, ila alitaka kwenda.

Chombo hicho, kilichoitwa Snark, kiliondoka California mwaka 1907. Walipita Hawaii, Marquesas na Tahiti, wakafika visiwa vya Solomon. Njiani mabaharia waliacha kazi mmoja baada ya mwingine, na maradhi yakawaandama wote. London mwenyewe aliugua hadi safari ikavunjika kabla ya kuimaliza dunia. Katika watu walioanza naye tangu mwanzo, ukimtoa mke wake, aliyebaki ni yule mpishi asiyejua kupika. Martin akarudi Kansas na picha zake na hadithi zake, akafungua ukumbi wa maonyesho mjini Independence na kuupa jina la chombo kile.

Mwezi Mei 1910 alimuoa Osa Leighty, binti wa Chanute, aliyezaliwa mwaka 1894. Bibi harusi alikuwa na miaka kumi na sita. Nyumbani kwao walikuwa watu wa reli, na wala hapakuwa na dalili kwamba msichana huyo angewahi kulala katika hema huku tembo wakipita nje. Kwa miaka kadhaa wawili hawa walizunguka Marekani kutoka ukumbi hadi ukumbi. Martin alionyesha picha na kusimulia, Osa akiimba nyimbo za visiwani. Pesa walizopata walizikusanya kwa nia moja, nayo ni kurudi baharini.

Walirudi mwaka 1917. Walikwenda Solomon na New Hebrides, nchi ambayo leo inaitwa Vanuatu, na katika kisiwa cha Malekula wakawapiga filamu watu wa Big Nambas na mzee wao Nihapat. Filamu iliyotoka humo, ya mwaka 1918, iliwatangaza kama watu waliotoka katika visiwa vya wala watu. Jina hilo ndilo lililojaza kumbi. Nawaomba mlikumbuke, kwa sababu hapo ndipo deni la Martin Johnson linapoanza. Aligundua mapema kwamba Mmarekani wa kawaida hulipa tikiti ili aogope na acheke, na akajifunza kumuuzia vyote viwili.

Baada ya Borneo mwaka 1920, alikutana na ushauri uliomleta kwetu. Carl Akeley wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya New York, mtu aliyekuwa ameijua Afrika kwa miaka mingi, alimwambia wanyama wa huku wanapungua na kwamba kamera yake ingefanya kazi ya maana kama ingewapiga wakiwa hai, katika makao yao. Mwaka 1921 Martin na Osa wakaja Kenya.

Kuja Kenya siku hizo kulikuwa kuja Mombasa. Abiria alishuka melini, mizigo ikapita mikononi mwa makuli wa bandarini, kisha akapanda gari la moshi kwenda bara. Kenya ilikuwa imetangazwa koloni mwaka mmoja tu kabla, na ukanda wetu wa pwani ulikuwa bado unahesabiwa ni milki ya Sultani wa Zanzibar chini ya ulinzi wa Mwingereza. Kwa wageni kama wao, Mombasa ilikuwa mlango tu. Lakini walichokwenda kukifanya bara kilikuwa kimetokea pwani. Kazi ya safari, na mpango wake wa nyapara, mpishi, askari na wapagazi, ilirithiwa kutoka misafara iliyotoka miji yetu na kwenda bara katika karne ya 19. Lugha ya kuendeshea kazi hiyo ilikuwa Kiswahili. Mzungu aliyetaka maji ya kuoga jangwani ilimbidi ajue kuyaitisha kwa lugha ya bibi yako.

Filamu yao ya kwanza ya Afrika ilitoka mwaka 1923, na ilifanikiwa vya kutosha kuwapatia wafadhili. Mkubwa wao alikuwa George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak, ambaye bidhaa zake ndizo Martin alizoziona dukani kwa baba yake. Mwaka 1924 wakarudi na mizigo mingi kuliko mwanzo, wakaelekea kaskazini, Marsabit.

Juu ya mlima wa Marsabit kuna ziwa lililolala ndani ya shimo la volkano ya kale, limezungukwa na msitu, na jangwa liko chini pande zote. Wenyeji walilijua tangu enzi. Wao wakaliita Ziwa Paradiso, na wakakaa hapo hadi mwaka 1927. Walijenga nyumba, wakapanda bustani ya mboga, wakaweka chumba cha giza cha kusafishia picha. Usiku waliweka kamera zenye taa za mlipuko kwenye njia za wanyama. Mchana walikaa vichakani wakingoja tembo waje kunywa. Kazi yao waligawana: Martin alikuwa nyuma ya kamera akizungusha mkono wa mashine, na Osa alisimama kando yake na bunduki, akingoja mnyama aamue kama atapita au atashambulia. Mtu anayepiga filamu hawezi kukimbia, kwa hiyo roho ya mume ilikuwa mikononi mwa mke. Wanaume wengi hawapendi kusikia hayo, lakini ndivyo kazi yao ilivyokuwa.

Mlima huohuo ndio uliokuja kuwa makao ya tembo Ahmed, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi wa amri ya serikali na ambaye alikufa mwaka 1974. Katika miaka ya Martin tembo wa Marsabit hawakuwa na amri ya mtu yeyote ya kuwalinda. Picha alizopiga zimekuwa ushahidi wa jinsi msitu ule na wanyama wake walivyokuwa miaka mia moja iliyopita. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika hilo Martin Johnson alitufanyia kazi ambayo hakuna wa kwetu aliyekuwa na nafasi wala vyombo vya kuifanya.

Mwaka 1928 ikatoka filamu waliyoiita Simba. Mliona? Waliiacha kwa jina letu hilohilo, na watazamaji wa New York wakajifunza neno moja la Kiswahili kwa bei ya tikiti.

Baadaye wakaenda Congo iliyokuwa mikononi mwa Wabelgiji, na mwaka 1932 ikatoka filamu ya Congorilla, yenye sauti zilizonaswa hukohuko Afrika. Walikaa na Wambuti wa msitu wa Ituri. Pia walikamata gorila wawili wachanga milimani, wakawachukua hadi Marekani, na wanyama hao wakaishia katika bustani ya wanyama ya San Diego. Majina yao yanajulikana hadi leo: Mbongo na Ngagi. Walikufa miaka ya arubaini, mbali na mlima wao.

Sasa tumefika mahali uwanja wa Chanute unapoingia katika hadithi. Martin alikuwa amechoka na magari yanayozama matopeni na misafara ya majuma. Aliona kwamba mtu akiwa na ndege ataliona kundi lote la nyumbu kwa mtazamo mmoja. Basi mwaka 1932, yeye akiwa na miaka arubaini na minane na mkewe thelathini na minane, wakarudi Chanute, mji wa kwao Osa, wakajifunza urubani. Hawakwenda chuo kikubwa. Walijifunza katika kiwanja cha mji mdogo, mbele ya watu waliomjua Osa tangu akiwa na mikia ya nywele, na wote wawili wakapata leseni.

Mji wenyewe ulikuwa na asili ya kuruka katika jina lake. Mwaka 1873 vijiji vinne vilivyokuwa vikigombana viliungana vikawa mji mmoja, na wakaupa jina la Octave Chanute, mhandisi wa reli aliyepita hapo. Miaka ishirini baadaye mhandisi huyo, aliyezaliwa Paris, akawa mmoja wa wataalamu wakubwa wa dunia katika elimu ya kuruka, na ndugu Wright walipokuwa wakihangaika na ndege yao ya kwanza, yeye alikuwa mshauri na rafiki yao. Ni kama wanakijiji waliompa mtoto jina la bahari, akakua akawa nahodha.

Martin na Osa walinunua ndege mbili za Sikorsky zinazotua ardhini na majini. Kubwa, yenye injini mbili, waliichora milia ya punda milia na kuiita Safina ya Osa kwa lugha yao. Ndogo waliichora mabaka ya twiga na kuiita Roho ya Afrika. Walizisafirisha kwa meli hadi Cape Town na kutoka hapo wakaruka kuja kaskazini. Miongoni mwa marubani walioandamana nao alikuwepo Vern Carstens, mtu wa Kansas. Mwaka 1933 na 1934 walizunguka anga yetu, na kwa hesabu yao wenyewe walipita maili 60,000. Walitua Ziwa Turkana, lililoitwa Rudolf siku hizo. Walipiga filamu theluji ya Kilimanjaro na Mlima Kenya wakiwa angani. Makundi ya tembo na ya ndege wa ziwani yalionekana kutoka juu kama ambavyo watazamaji wa sinema hawakuwa wamezoea kuyaona. Filamu yao iliyotokana na safari hiyo, Baboona, ilionyeshwa mwaka 1935.

Walikwenda tena Borneo, wakarudi Marekani mwishoni mwa 1936, wakaanza ziara ya mihadhara. Tarehe 12 Januari 1937 walipanda ndege ya abiria kutoka Salt Lake City kwenda Burbank, California. Ilikuwa ndege ya kawaida yenye rubani wa kampuni, na wao walikaa kwenye viti kama abiria wengine. Katika hali mbaya ya hewa ndege hiyo iligonga mlima karibu na Newhall, ikiwa imebakiza mwendo mdogo kufika. Martin alitolewa akiwa hai na akafariki siku ya pili, akiwa na miaka hamsini na miwili. Osa aliumia vibaya lakini akapona.

Mtu huyu aliyekaa mita chache mbele ya tembo na kifaru, na kuruka maili elfu sitini juu ya nchi zisizokuwa na viwanja, alikufa akiwa abiria karibu na nyumbani. Sisi tumefundishwa tangu madrasa kwamba hakuna nafsi inayojua itafia ardhi gani. Maisha ya Martin Johnson ni sherehe ya maneno hayo, ingawa yeye hakuwa mtu wa dini yetu.

Osa aliendelea na mihadhara huku akiwa katika kiti cha magurudumu. Mwaka huohuo akarudi Afrika Mashariki kusaidia utayarishaji wa filamu ya Hollywood juu ya Stanley na Livingstone. Kitabu chake cha maisha yao, kilichotoka mwaka 1940, kilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyonunuliwa sana Marekani mwaka huo. Alifariki New York mwezi Januari 1953. Wote wawili wamezikwa Chanute. Mwaka 1961 makumbusho yao yakafunguliwa hapo, kwa mali ambazo mama yake Osa alizitoa, na sasa yamo katika jengo la zamani la stesheni ya reli.

Hapo maisha yake yanaishia, na hapo nataka nimdai.

Deni la kwanza ni namna alivyotuonyesha. Katika filamu zake mnyama hupewa heshima na mtu mweusi hupewa kichekesho. Kwenye Congorilla, Wambuti wanapigiwa santuri ya jazi wacheze ili mtazamaji wa Marekani acheke. Wapagazi wanaonekana wakihangaika na vitu vya kizungu, na maandishi ya chini ya picha huwageuza mzaha. Anayemtetea atasema zama zake ndivyo zilivyokuwa. Nakubali zama zilikuwa hivyo. Lakini katika zama hizohizo walikuwepo watu waliokaa na wenyeji wakajifunza kwao kwa adabu, na Martin alikuwa na kamera, pesa na muda kuliko wengi wao. Alichagua alichokichagua kwa kuwa kilikuwa kikiuzika.

Deni la pili ni la majina. Tunawajua gorila wa San Diego kwa majina yao. Ndege mbili za Sikorsky tunazijua kwa majina yao. Lakini watu waliobeba masanduku ya kamera kupanda Marsabit, waliochota maji, waliopika, waliokesha na bunduki usiku, wengi wao wamebaki kuwa kundi la watu pembeni mwa picha. Mmoja ametajwa sana katika vitabu vyao, mfuata nyayo waliyemwandika kwa jina la Boculy, na wao wenyewe walikiri kwamba hapakuwa na aliyewajua tembo kama yeye. Bila Boculy na wenzake, Martin Johnson angekuwa mzungu aliyepotea jangwani na sanduku la filamu tupu. Chanute ina uwanja wa Martin Johnson. Mimi sijui mahali popote pwani wala bara penye kibao cha Boculy.

Hapa wasomaji wengine watataka nimalize kwa kuwalaumu watu wa Chanute. Sitawalaumu. Wao wamefanya wajibu wao. Mcheza kwao hutunzwa. Walimwona mkwe wao na binti yao wamekwenda duniani na kurudi, wakawatunzia vitu vyao, wakawatunzia makaburi yao, na uwanja wao wenyewe ukabeba jina la mkwe wao. Mji wenye watu wachache kuliko mtaa mmoja wa Kisauni umefanya hivyo. Swali si kwa nini Chanute inamkumbuka Martin. Swali ni kwa nini sisi hatuwakumbuki wa kwetu.

Tutazame viwanja vyetu. Mombasa tuna uwanja ambao zamani ulijulikana kwa jina la Port Reitz na leo una jina la rais wa pili wa nchi. Malindi tuna uwanja, Ukunda tuna uwanja, na Lamu wanashukia Manda kisha wanavuka kwa boti. Vyote hivi vipo chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ya Kenya, na Katiba, katika Jedwali la Nne, imeweka usafiri wa anga mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kule Marekani viwanja vingi vya umma ni mali ya miji na kaunti, na serikali kuu huchangia fedha za kuvijenga na kuvikarabati. Mwenye mali ndiye mwenye kauli. Kwa hiyo hata kama baraza la Lamu lingeamka kesho na kutaka uwanja wa Manda uitwe kwa jina la Mwana Kupona, mtu wa Pate ambaye utenzi wake unasomwa hadi leo, lingelazimika kwenda kuomba Nairobi.

Siandiki haya kuchochea ugomvi wa nani ashike uwanja. Uwanja wa ndege una gharama zake, na kaunti zetu bado zinahangaika na dawa hospitalini. Ninachosema ni kwamba tusijifiche nyuma ya hilo. Jedwali hilohilo la Nne limezipa kaunti masoko, barabara za kaunti, maktaba, makumbusho ya kaunti, zahanati, feri na magati. Hivyo ni vyetu. Hakuna wa kumuomba ruhusa isipokuwa madiwani tuliowachagua wenyewe. Malindi wameshaonyesha njia kwa kumjengea Mekatilili wa Menza sanamu katikati ya mji. Mombasa ina washairi tangu Muyaka, ina masheikh waliosomesha Afrika Mashariki nzima, ina manahodha, mafundi wa majahazi na makuli waliobeba nchi hii mabegani. Ni gati ngapi na maktaba ngapi zina majina yao?

Na jina peke yake halitoshi. Kibao cha barabara kinafutika kwa jua la miaka miwili. Kinachoifanya Chanute kumkumbuka Martin ni ile nyumba ya stesheni ya zamani, ambamo kuna picha, barua, nguo na kamera, na mtu anayefungua mlango asubuhi na kumweleza mtoto wa shule huyu alikuwa nani. Mama mzee aliamua kutozitupa mali za mwanawe. Kazi yote ilianzia hapo.

Kwetu, mali za wazee huishia wapi? Babu akifariki, sanduku lake la bati linafunguliwa mara moja kutafuta hati ya shamba. Zilizobaki, yaani kipande cha kazi, picha ya melini, barua ya Aden, daftari la mahesabu ya jahazi, zinapigwa moto pamoja na magodoro. Miongoni mwa waliofanya kazi za safari, za reli na za meli katika miaka ya Martin Johnson walikuwemo babu za wasomaji wa ukurasa huu. Nyumba zao zipo. Wajukuu wao wapo, na wengine bado wanayakumbuka majina.

Basi ombi langu kwa mwezi huu ni dogo. Kila nyumba imtafute mzee mmoja, imuulize babu yake alifanya kazi gani, alikwenda wapi, alifuatana na nani. Yaandikwe majina matatu, ya mtu, ya baba yake na ya mtaa wake. Picha iliyopo ipigwe kwa simu iwekwe mahali pa usalama. Wenye vitu vya maana wavipeleke Makumbusho ya Lamu au Fort Jesus vitazamwe kabla mchwa hawajavimaliza. Walimu wa historia wawatume wanafunzi kwa bibi zao kabla ya kuwatuma kwenye intaneti. Na madiwani, mkutano ujao mtakapojadili jina la soko au gati, mje na jina la mtu aliyelijenga.

Martin Johnson alipiga picha za watu wetu na jina likabaki lake. Picha hizo haziwezi kubadilishwa tena, ila majina ya waliosimama pembeni mwake bado yamo vichwani mwa wazee wachache, na wazee hao hawatungoji.